Mtoto wa Kiume Ambaye Korodani Hazijashuka

Somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, Mpanda na Mkoa wa Katavi

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya somo: korodani, kinena, ngiri, njiti, rufaa.

 Nawasalimu nyote mliokusanyika madarasani jioni hii, walioko Mpanda mjini, na Sitalike, na Inyonga, na Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na Katumba, na Mishamo. Mwalimu wa darasa, tafadhali yasome maneno matano yaliyoandikwa ubaoni, moja moja, na wanafunzi wayasome baada yako. Vema. Sasa wekeni kalamu chini, msikilize.

Somo la leo lahusu sehemu ya mwili ambayo hatuitaji mbele za watu. Baba mkwe yumo darasani, na mkamwana yumo. Najua. Lakini wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Leo methali hiyo tutaitumia kwa maana yake hasa, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza, likifichwa, laweza kweli kumzuia mtu asizae. Basi tutasema kwa heshima, lakini tutasema waziwazi.

Korodani ni nini? Korodani ni zile kokwa mbili za mwanamume ambazo hutengeneza mbegu za uzazi. Hizo ndizo pia zinazotoa homoni ya kiume, yaani kile kitu ndani ya damu kinachomfanya kijana aote ndevu na sauti yake iwe nzito. Korodani hukaa katika mfuko wa ngozi, chini ya uume. Mfuko huo watu wengi huuita pumbu.

Kwa watoto wengi wa kiume, siku ya kuzaliwa korodani zote mbili zimekwisha kuwamo ndani ya mfuko huo. Lakini kwa watoto wengine moja haimo, au zote mbili hazimo. Mfuko upo, lakini ukiushika ni mtupu. Hali hiyo ndiyo tunayoiita korodani ambazo hazijashuka.

Sasa mtauliza: hazijashuka kutoka wapi?

SAFARI YA KORODANI

Mtoto anapokuwa bado tumboni mwa mama yake, korodani hazianzii chini. Zinaanzia juu, ndani ya tumbo la mtoto, karibu na figo. Kutoka huko husafiri polepole kwenda chini mpaka zifike katika mfuko wake. 

Na tuifananishe safari hiyo na gari moshi. Wengi wenu mnaifahamu reli ya kutoka hapa Mpanda. Treni huondoka Mpanda, hupita pori la Ugalla, hufika Kaliua. Hapo Kaliua reli yetu hukutana na reli kubwa ya kati, na treni huendelea mpaka Tabora. Basi, semeni kwamba Mpanda ni pale juu karibu na figo. Kaliua ni kinena, yaani pale mahali paja linapokutana na tumbo. Na Tabora ndio mfuko wenyewe.

Kufikia mwezi wa 4 wa mimba, korodani zimekwisha kufika karibu na kinena. Hapo hupumzika kwa muda mrefu. Halafu, kuanzia mwezi wa 7 hivi, hupita katika njia nyembamba ya kinena na kuingia katika mfuko. Kitu kinachoziongoza ni kama kamba laini iliyofungwa upande wa chini. Mwaka 1762 daktari mmoja wa upasuaji aliyefanya kazi London, jina lake John Hunter, aliieleza kamba hiyo kwa maandishi, akaipa jina la Kilatini ambalo maana yake ni usukani. Wavuvi wa Karema na Ikola wanajua kazi ya usukani: bila huo, mtumbwi haufiki unakotakiwa.

Kwa nini safari hii ni lazima? Kwa sababu ya joto. Korodani za mwanadamu hufanya kazi vizuri mahali penye ubaridi kidogo. Mwili una joto la nyuzi 37, lakini ndani ya mfuko joto hupungua kwa nyuzi 2 hadi 4. Wanyama wote hawakuumbwa hivyo. Tembo dume wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi huishi na korodani zake ndani ya tumbo, karibu na figo, maisha yake yote, naye huzaa. Tembo ameumbwa hivyo. Mwanadamu hakuumbwa hivyo. Korodani ya mtu ikibaki ndani, katika joto, huharibika kidogo kidogo, na uharibifu huo huanza tangu utotoni, mtoto mwenyewe angali anatambaa.

WATOTO WANGAPI?

Sasa chukueni kalamu, tuhesabu.

Katika kila watoto 100 wa kiume waliozaliwa kwa miezi yao kamili, watoto 2 hadi 4 huzaliwa na korodani moja au zote mbili hazijashuka. Tuseme 3. Basi katika watoto 1,000 ni wangapi? Ni 30. Hao si wachache. Katika tarafa moja tu wanaweza kuwako wengi, ila hatuwajui kwa sababu hatutazami, na tukitazama hatusemi.

Kwa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, hesabu ni kubwa zaidi. Katika kila njiti 100 wa kiume, 30 hivi waweza kuwa na hali hii. Sababu yake mmekwisha kuielewa. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi 7 amezaliwa wakati treni yake ingali imesimama Kaliua.

Sasa sikilizeni habari njema. Nyingi ya korodani hizo hushuka zenyewe baada ya mtoto kuzaliwa. Katika miezi 3 ya kwanza mwili wa mtoto wa kiume hutoa homoni ya kiume kwa wingi, kisha homoni hiyo hupungua. Inapokuwa nyingi, korodani iliyochelewa hupata nguvu ya kumaliza safari yake. Ndiyo sababu, mtoto akifikisha mwaka 1, wale 30 tuliowahesabu hubaki 10 hivi.

Lakini pia sikilizeni habari ya pili. Mtoto akipita miezi 6, ile homoni imekwisha kupungua. Korodani ambayo haikushuka mpaka hapo, haielekei kushuka yenyewe tena. Treni imezimika. Kungoja baada ya hapo hakuna faida, na korodani inazidi kukaa katika joto.

Basi, liandikeni neno hili katika madaftari yenu, maana ndilo kiini cha somo la leo: Tazama siku ya kuzaliwa. Tazama tena miezi 6. Ikiwa haijashuka, nenda kwa daktari.

Kwa mtoto njiti tunahesabu tofauti kidogo. Hatuhesabu kutoka siku aliyozaliwa, bali kutoka siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati, tunampa miezi 6, tunaongeza 2. Sita na mbili ni ngapi? Ni 8. Huyo tutamngojea mpaka afikishe miezi 8.

SABABU ZAKE

Watu hupenda kuuliza, kosa ni la nani? Nawajibu: mara nyingi hakuna sababu moja ambayo daktari aweza kuionyesha kwa kidole. Lakini yako mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wake.

La kwanza ni kuzaliwa kabla ya wakati, nalo tumekwisha kulisema.

La pili ni kuzaliwa na uzito mdogo, hata ikiwa miezi imetimia.

La tatu ni ukoo. Ikiwa baba alizaliwa hivyo, au kaka wa mtoto, uwezekano huongezeka. Kwa hiyo baba anayejijua asinyamaze. Amwambie mkewe, amwambie na mkunga.

La nne ni upungufu wa homoni zinazoendesha safari hiyo, au maumbile mengine yasiyo ya kawaida aliyozaliwa nayo mtoto. Kwa mfano, tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume badala ya kuwa kwenye ncha.

La tano ni uvutaji wa tumbaku wa mama mjamzito. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba huongeza hatari, ingawa si sana. Katika mkoa wetu tunalima tumbaku, nasi tunatumia dawa za kuua wadudu mashambani. Juu ya dawa hizo, wataalamu wanazishuku lakini ushahidi wao haujalingana. Hata hivyo, zina madhara mengine yanayojulikana, kwa hiyo ni busara mama mjamzito asishike bomba la kupulizia dawa. Kazi hiyo aifanye mwingine.

Sasa nitasema na yale ambayo si sababu. Si laana. Si kwa kuwa mama alitembea nje ya ndoa. Si kwa kuwa alikula chakula kilichokatazwa, au alilala vibaya, au alibeba kuni. Mara nyingine mama hurudishwa kwao kwa jambo kama hili. Huo ni uonevu. Mama hana amri juu ya safari ya korodani, kama vile abiria hana amri juu ya injini ya treni.

Tena, mtoto huyo si nusu mwanamume. Ni mtoto wa kiume mwenye jambo linalotengenezeka.

DAKTARI HUCHUNGUZAJE?

Tuseme mama amempeleka mtoto hospitali. Daktari atafanya nini?

Kwanza atauliza maswali. Mtoto alizaliwa lini, na kwa miezi mingapi? Alikuwa na uzito gani? Je, korodani zilipata kuonekana hata siku moja, labda wakati wa kumwogesha? Katika ukoo yuko mwenye hali hii? Mtoto amepata kupasuliwa ngiri? Ndiyo maana kadi ya kliniki isiachwe nyumbani. Majibu mengi yamo katika kadi hiyo, na ninyi mnaojifunza kusoma sasa mnaweza kuyaona wenyewe.

Kisha atamshika mtoto. Ndugu zangu, katika uchunguzi huu chombo kikubwa kuliko vyote ni mikono ya daktari mwenyewe. Chumba kiwe na joto, na mikono yake iwe na joto, kwa sababu baridi huzifanya korodani zirudi juu. Mtoto hulazwa chali, miguu imepanuliwa kama ya chura. Daktari huweka vidole karibu na mfupa wa nyonga, akavipitisha polepole kufuata kinena, kuelekea mfukoni. Anatafuta treni imesimama kituo gani.

Huenda akakuta moja ya hali nne hizi.

Hali ya kwanza: korodani inashikika katika kinena au juu kidogo ya mfuko. Imekwama njiani. Watoto wengi wako hivyo. Katika kila watoto 10 wenye tatizo hili, 8 hivi korodani yao yaweza kushikika kwa mkono.

Hali ya pili: korodani imepotea njia. Pale Kaliua, treni ya kwenda Tabora ikielekezwa vibaya, itakwenda Kigoma. Vivyo hivyo korodani yaweza kupita kinena kisha ikaenda pajani au mahali pengine pasipo pake.

Hali ya tatu: korodani imefika mfukoni lakini inapanda na kushuka. Mtoto akisikia baridi au akiogopa, hupanda. Akioga maji ya moto au akilala, hushuka. Daktari akiivuta taratibu, hufika mfukoni na kukaa. Hiyo si ugonjwa, haihitaji kupasuliwa. Ila mtoto atazamwe kila mwaka, kwa sababu baadhi ya korodani za namna hii hupanda siku moja zisirudi.

Hali ya nne: korodani haishikiki popote. Huenda imo ndani ya tumbo, au huenda ilikufa zamani mtoto angali tumboni, au ni ndogo mno. Hapo daktari wa upasuaji humlaza mtoto kwa dawa ya usingizi, humshika tena akiwa amelegea, na kama bado haipatikani, huingiza kamera nyembamba kupitia kitundu kidogo kitovuni, akatazama ndani.

Watu wengi huuliza juu ya kipimo cha picha, kile cha altrasaundi. Kwa kawaida hakihitajiki. Picha yaweza kusema korodani haipo, kumbe ipo ndani ya tumbo, haikuonekana. Mara nyingi daktari mwenye mikono iliyozoea hujua zaidi. Kwa hiyo msiuze mbuzi kwa ajili ya picha kabla ya kumwona daktari wa upasuaji. Nauli ya kumfikia daktari huyo ndiyo yenye faida.

Sasa kuna jambo moja la haraka. Ikiwa mtoto amezaliwa, anaonekana wa kiume, lakini korodani zote mbili hazishikiki kabisa, asisubiri miezi 6. Achunguzwe upesi, siku zile zile za kwanza, apimwe na damu. Mara chache mtoto wa namna hiyo ni msichana aliyezaliwa na ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, ambao umeyabadilisha maumbile yake ya nje. Ugonjwa huo waweza kumfanya apoteze chumvi mwilini, atapike, alegee, na kufa katika majuma machache. Akitambuliwa mapema, hupewa dawa akaishi. Tena mtoto huyo asitahiriwe mpaka uchunguzi umekwisha. Na yule mwenye tundu la mkojo upande wa chini asitahiriwe pia, kwa kuwa ngozi ile daktari ataihitaji kwa kumtengeneza.

JINSI YA KUULIZA KLINIKI

Watoto wetu huchanjwa wanapozaliwa, kisha wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Baadaye huja chanjo ya surua, miezi 9, na tena miezi 18. Angalieni hesabu hiyo. Kati ya wiki 14 na miezi 9 pana nafasi ndefu, na ile miezi 6 yetu imo katikati ya nafasi hiyo. Mama akikosa kwenda kumpima mtoto uzito, au akipima na kuondoka bila kuuliza, mwezi wenyewe umempita.

Basi na tusome pamoja mazungumzo haya. Mwalimu, mchague mwanafunzi mmoja awe mama, na mwingine awe nesi.

Mama: Habari za kazi, dada?

Nesi: Njema, mama. Karibu. Mtoto ana uzito mzuri, amepanda.

Mama: Nashukuru. Dada, leo ametimiza miezi 6. Naomba umtazame na hapa chini. Upande wa kulia sioni korodani.

Nesi: Umefanya vema kusema. Mlaze hapa, mvue nepi. Ngoja kwanza nipashe mikono. Alipozaliwa iliwahi kuonekana?

Mama: Hapana. Mama mkwe aliniambia itashuka mwenyewe akikua.

Nesi: Mama mkwe hakukosea sana, nyingine hushuka. Lakini miezi 6 imetimia na hii ipo kinenani. Nitakuandikia barua ya rufaa uende hospitali ya mkoa, Mpanda mjini. Njoo na baba yake tumweleze pamoja.

Mmeona? Maneno machache tu. Neno rufaa maana yake ni barua ya kumpeleka mgonjwa kutoka zahanati hadi hospitali kubwa zaidi. Kutoka hospitali ya mkoa, mtoto aweza kupelekwa mbele zaidi, kwa mfano Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako wako madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Safari ni ndefu, nami sitawaficha: nauli na chakula cha njiani ni mzigo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliagiza watoto walio chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Ulizeni hospitalini utaratibu ulivyo sasa, mpange fedha mapema, mkisaidiwa na jamaa. Mtoto akiwa na miezi 6, bado mna miezi kadhaa ya kujiandaa. Hiyo ndiyo faida ya kutazama mapema.

MATIBABU

Dawa ya tatizo hili ni upasuaji mdogo. Hufaa ufanywe mtoto akiwa kati ya miezi 6 na miezi 18, na ikiwezekana kabla hajamaliza mwaka. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hukata kidogo kinenani, huilegeza korodani na mishipa yake, huiteremsha mfukoni, akaishona isirudi juu. Mara nyingi hukuta pia njia ya ngiri iko wazi, akaiziba papo hapo. Watoto wengi huruhusiwa kurudi siku ile ile au kesho yake. Baadaye mtoto hurudishwa kutazamwa kama korodani imekaa mahali pake.

Sindano za homoni zilitumiwa sana zamani, lakini leo wataalamu wengi hawazishauri kwa kazi hii, kwa kuwa mara nyingi hazishushi. Na kukanda kinena kwa mafuta, au kuvuta kwa nguvu, au kumfunga mtoto kamba kiunoni, hakushushi korodani. Kuvuta kwaweza kumuumiza.

KWA NINI TUSINGOJE AKUE?

Wako wazee wasemao, mwacheni, akibalehe zitashuka. Tuwajibu kwa adabu, lakini tuwajibu kwa hesabu.

Hasara ya kwanza ni uzazi. Mwenye korodani moja iliyotengenezwa mapema ana nafasi ya kuzaa karibu sawa na wenzake. Lakini ambaye zote mbili zimebaki ndani mpaka amekuwa kijana, mara nyingi hapati mtoto. Kisha mkewe ndiye anayelaumiwa, ndiye anayeitwa tasa.

Hasara ya pili ni saratani ya korodani. Ni ugonjwa usiotokea mara nyingi, lakini korodani ambayo haikushuka ina hatari zaidi. Huko Sweden waliwachunguza wanaume 16,983 waliopasuliwa kwa tatizo hili kati ya mwaka 1964 na 1999. Habari zao zilichapishwa mwaka 2007. Waliopasuliwa kabla ya kufika miaka 13, hatari yao ilikuwa mara 2 hivi ya watu wengine. Waliopasuliwa baadaye, hatari yao ilikuwa mara 5 na zaidi. Mwaona tofauti ya kuwahi na kuchelewa. Hata aliyepasuliwa mapema, akiwa kijana afundishwe kujishika na kujichunguza, akiona uvimbe mgumu aende hospitali.

Hasara ya tatu ni ngiri na kujisokota. Korodani iliyokwama yaweza kujisokota kwenye mshipa wake, damu ikakatika, ikafa kwa saa chache.

Katika miaka ya baada ya 2010, Katavi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyochaguliwa kwa mpango wa tohara ya kitabibu. Wavulana wa miaka 10 na zaidi, na watu wazima, walivuliwa na kutazamwa na wataalamu. Kwa mvulana mwenye korodani isiyoshuka, siku kama hiyo ndiyo yaweza kuwa ya kwanza mtu kumtazama tangu azaliwe. Hata hapo bado anasaidika, na apelekwe mara moja. Lakini miaka 10 si miezi 10.

DALILI ZA HARAKA

Mwenye mtoto wa namna hii akiona uvimbe mgumu kinenani, mtoto akilia bila kunyamaza, akitapika, au ngozi ya hapo ikiwa nyekundu au nyeusi, asingoje kesho. Ampeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Ndugu wanafunzi, leo usiku au kesho mnapowaogesha watoto wenu kwa maji ya vuguvugu, watazameni. Baba naye atazame, si mama peke yake. Msikamue, msivute. Tazameni tu, mguse taratibu. Zikiwa mbili, mshukuru. Ikiwa moja, au hakuna, fungueni kadi, msome tarehe ya kuzaliwa, mhesabu miezi. Hesabu hiyo sasa mnaiweza.

MASWALI YA DARASA

1. Korodani za mtoto huanzia wapi kabla ya kushuka?

2. Kwa nini baada ya miezi 6 hakuna faida ya kungoja tena?

3. Mtoto alizaliwa miezi 3 kabla ya wakati. Atangojewa mpaka awe na miezi mingapi?

4. Katika watoto 500 wa kiume waliozaliwa kwa wakati, ikiwa 3 katika kila 100 wana tatizo hili, ni watoto wangapi?

5. Taja dalili mbili za kumpeleka mtoto hospitali saa hiyo hiyo.

6. Jadilianeni: jirani anamlaumu mkewe kwa sababu mtoto wao amezaliwa hivi. Mtamwambia nini?

7. Andikeni sentensi moja kwa kila neno: korodani, kinena, ngiri, njiti, rufaa.

Mwalimu, majibu ya swali la 3 na la 4 ni haya: miezi 9, na watoto 15. Kwaherini, mpaka somo lijalo.